Kila fundi anasema lake kuhusu pikapu yangu. Nifungue injini?

Mzee fundi, shikamoo.

Nina pikapu ya dizeli ya zamani, injini ya silinda nne, haina tabo wala kompyuta. Niliinunua kwa mtu, mita ya kilomita ikiwa imeshakufa, kwa hiyo imetembea kiasi gani hajui yeye wala mimi. Nabebea matofali, mchanga na mbao. Ndiyo inayonilisha.

Shida ya kwanza ni kuwaka. Asubuhi napiga stata mpaka naona aibu kwa majirani. Ikikubali inawaka kwa kutetemeka, inatoa moshi mweupe unaochoma macho, halafu baada ya muda inatulia na moshi unaisha. Mchana nikizima na kuwasha inashika mara moja. Lakini ikisimama tangu Jumamosi jioni mpaka Jumapili mchana, hata kama jua ni kali, inasumbua vilevile.

Ya pili, inachemsha. Kwenye tambarare haina neno. Nikipanda mlima na mzigo, mshale unapanda na nyuma natoa moshi mweusi. Maji ya rejeta naongeza kidogo kila baada ya siku chache, na chini sioni yanapodondokea. Ya tatu, nikifika kama kilomita 80 kwa saa kiti kinatikisika, na nikitoka rivasi kwenda gia ya kwanza nasikia "ko!" chini ya gari.

Fundi wa kwanza alisema nozeli, zile zinazorusha dizeli ndani ya silinda. Akazitoa, akazipeleka kupimwa, akazirudisha. Kuwaka kukawa kugumu kuliko mwanzo. Wa pili akatoa thamostati, akasema ni ya nchi za baridi. Sasa mshale asubuhi unachelewa kupanda, ila mlimani bado unapanda. Wa tatu amesikiliza tu injini ikinguruma, akasema gasketi ya silinda hedi imekwisha, tufungue, na tukishafungua tubadilishe na ringi za pistoni moja kwa moja.

Nifungue? Au niiuze kabla haijanifia?

Aliyechoka na Spana

*

Marahaba, mwanangu.

Usifungue injini kwanza. Inawezekana fundi wa tatu amepatia, lakini hajakuonyesha kipimo hata kimoja. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, haisikiki kwa masikio kwa namna hiyo, na injini ikishatawanywa mezani hutajua tena lipi lilikuwa bovu na lipi lilibadilishwa kwa kuwa tu lilikuwa wazi.

Kuna kitu mafundi wako wote watatu hawajawahi kukiona: pikapu yako asubuhi. Kila ulipoenda gereji ulifika ukiendesha. Injini ilikuwa ya moto, moshi mweupe umeshaisha, stata inashika kwa mguso mmoja. Umeeleza kwa mdomo, fundi akabahatisha. Shahidi wa shida ya kwanza ni wewe peke yako. Kwa hiyo ama unalaza gari gerejini, fundi aliwashe mwenyewe alfajiri, ama unafanya vipimo vya asubuhi hapo nyumbani. Vingi havihitaji hata spana.

Jambo jingine: usitafute ugonjwa mmoja unaoeleza kila kitu. Gari la umri huo linaweza kuwa na matatu yasiyojuana, na hapo ndipo watu wanapouziwa injini nzima kwa ajili ya msalaba wa propela shafti, kiungo cha ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma.

Tuanze na kuwaka.

Injini ya dizeli haina cheche. Stata inazungusha, pistoni zinabana hewa, hewa ikibanwa inapata moto, dizeli ikirushwa ndani inawaka. Moshi mweupe unaochoma macho wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikageuka mvuke bila kuwaka. Maana yake dizeli inafika, angalau kiasi, ila moto hautoshi au dizeli yenyewe inakuja kwa vipande vipande. Kinachoweza kupunguza moto ni stata inayozunguka taratibu, plagi za hita (zile zinazopasha silinda joto kwa umeme kabla ya kuwasha) zilizokufa, au mbano uliopungua. Kinachokata dizeli vipande vipande ni hewa kwenye mipira inayopitisha dizeli.

Sasa angalia ulichoandika mwenyewe: hata mchana wa jua kali, ikiwa imesimama muda mrefu, inasumbua. Plagi za hita zingekuwa ndizo peke yake, mchana wa joto ungekuwa na nafuu. Na umesema hali ilizidi baada ya nozeli kutolewa na kurudishwa. Mimi hapo nashuku hewa kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye magari mengi ya aina yako hakuna pampu ya umeme kwenye tangi. Pampu ya dizeli iliyo kwenye injini ndiyo inayovuta yenyewe kutoka tangini, kwa hiyo mpira unaotoka huko uko kwenye hali ya kunyonywa. Tundu dogo kwenye mpira huo halidondoshi dizeli, linaingiza hewa. Ndiyo maana unaweza kuangalia chini ya gari mwaka mzima usione tone. Gari likisimama saa nyingi, dizeli inarudi tangini taratibu na hewa inachukua nafasi yake. Ukiwasha baada ya dakika kumi dizeli bado haijarudi, basi inashika.

Kipimo chake ni chepesi mno. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ndogo ya mkono, ile ya kubonyeza wakati wa kutoa hewa. Kesho asubuhi, kabla hujagusa swichi, ibonyeze. Ikiwa laini, inazama bila upinzani, kisha baada ya kubonyeza mara kadhaa inakuwa ngumu, kulikuwa na hewa au njia ilikuwa imekauka. Baada ya hapo subiri taa ya koili (ya plagi za hita) kwenye dashibodi izimike kama kawaida, piga stata. Ikishika upesi kuliko siku zote, umeshapata jibu na hujalipa mtu. Rudia siku inayofuata bila kubonyeza, ulinganishe.

Ukitaka uhakika zaidi, mwambie fundi aweke kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu ya dizeli. Utaviona viputo vikipita kwa macho yako. Kisha achomoe mpira unaotoka tangini na kuvuta dizeli safi kutoka kwenye galoni lililowekwa juu kidogo ya pampu, gari lilale hivyo. Likiwaka vizuri asubuhi, ubovu uko kati ya tangi na pale alipochomoa. Likisumbua vilevile, tafuta mbele ya hapo: oringi ya bolti ya kumwagia maji chini ya filta, raba ya pampu ya mkono yenyewe (hizi hupasuka sana), na ile mipira midogo ya kurudishia dizeli inayopita juu ya nozeli. Mipira hiyo ikishazeeka inakauka, na mtu akiichomoa ili atoe nozeli inapasuka kwenye mdomo. Mimi ningeibadilisha yote bila kujadili.

Ukiwa hapo juu, tazama shina la kila nozeli. Chini yake kuna washa ya shaba, na washa hiyo hairudishwi iliyotumika. Ukiona masizi meusi yenye unyevu yamezunguka nozeli moja, au unasikia "chuf, chuf" ya hewa inayotoroka, mbano wa silinda hiyo unavujia hapo. Na tafadhali usipapase kwa kidole penye dizeli inayorushwa na nozeli au bomba lake la chuma. Presha ile inapenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo kama la sindano.

Plagi za hita pia zipimwe, maana kutetemeka kwa dakika za mwanzo kunaweza kuwa kwa sababu yake. Ondoa ule ukanda wa bati unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande mwingine gusa kichwa cha plagi moja moja. Isiyowasha taa imekatika. Ikikatika moja kati ya nne, injini inawaka na kukosa silinda moja kwa muda. Zikikatika mbili au tatu ndipo stata inapoteseka. Zikiwa nzima zote, angalia kama umeme unazifikia swichi ikiwa imewashwa, kwa sababu rilei, swichi inayozipelekea umeme, nayo hufa.

Betri isome karibu volti 12.6 gari likiwa limelala, isishuke chini ya 10 wakati wa kupiga stata, na injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikishuka sana, kagua kwanza waya wa erthi unaotoka betri kwenda kwenye injini. Kutu chini ya kichwa cha waya huo imewauzia watu stata mpya bure.

Halafu usikubali mtu akupulizie ile dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa. Kwenye injini yenye plagi za hita, dawa inalipuka kabla ya wakati wake, na hapo ndipo pistoni na ringi zinapovunjika kweli.

Kuchemsha ni habari nyingine.

Cha kwanza, rudisha thamostati. Hii hoja ya "nchi za baridi" nimeisikia mpaka nimechoka. Kwenye injini nyingi thamostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na inapofunguka kabisa inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani bila kupozwa. Asubuhi injini inachelewa kupata joto, mlimani inachemsha. Ndicho ulichoniandikia. Nunua yenye nyuzi joto zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini yako (nyingi ni 82), na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uione ikifunguka. Kile kitundu chenye kipini kidogo kinacholegea kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Lakini ilichemsha hata kabla haijatolewa, kwa hiyo kuna kingine. Mlimani na mzigo unakwenda taratibu, upepo wa mwendo haupo, feni peke yake ndiyo inayovuta hewa kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare upepo unaisaidia. Hivyo mshukiwa wangu ni klachi ya feni, lile bonge la duara katikati ya feni lenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa ya moto sawasawa, feni inatakiwa ivume kwa sauti kubwa, na ukizima injini isimame karibu papo hapo. Ikiendelea kuzunguka yenyewe kwa ulegevu, klachi imekufa. Mara nyingi utakuta vumbi limegandana na mafuta kuizunguka, yametoka ndani. Usipeleke mkono hapo injini ikiwa inazunguka.

Halafu rejeta. Wewe unabeba mchanga, na vumbi lake linaingia katikati ya mapezi likachanganyika na wadudu na majani. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, si kinyume chake, la sivyo unakandamiza uchafu. Ndani nako huziba: baada ya safari, zima injini, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta toka juu hadi chini. Mahali penye baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Kifuniko cha rejeta nacho si cha kudharau. Kikishika presha ya karibu bar 0.9 maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115; raba yake ikichoka yanachemka kwa 100 kama ya jikoni, na mengine yanamwagika njiani bila wewe kuona, ukifika unaongeza kidogo. Kifuniko kipya ndicho ningeanza nacho. Cha zamani usikifungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kagua filta ya hewa kwanza. Kisha mwulize fundi aangalie skrubu ya kiwango cha dizeli nyuma ya pampu, kama ile waya au risasi ya kuifungia imekatwa. Wenye pikapu za mizigo hupenda kuifungua ili gari lipate nguvu, na dizeli ya ziada inaleta joto la ziada. Ikiwa mwenye gari wa kwanza alifanya hivyo, moshi wako na mshale wako vinatoka mlango mmoja.

Sasa gasketi, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, washa. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyokuwa imejificha, visikutishe. Vikiendelea bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Siku nyingine, kifuniko kikiwa kimefungwa, shika mpira wa juu wa rejeta dakika moja au mbili baada ya kuwasha ikiwa baridi: ukiwa umeshakuwa mgumu wakati maji bado ni ya baridi, dalili ni ileile. Kuna pia dawa ya buluu inayowekwa kwenye chupa juu ya mdomo wa rejeta na kubadilika rangi ikikutana na moshi wa injini, waombe gereji yenye nayo. Chomoa na kijiti cha oili. Oili nyeusi kwenye injini ya dizeli ni ya kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo iliyoingiwa na maji.

Vipimo hivi vikionyesha gesi, basi fundi wa tatu alipatia na hedi itoke. Ila masharti yawe mawili: hedi ipelekwe kupimwa nyufa na unyoofu kabla ya gasketi mpya kukaa juu yake, na sababu ya kuchemsha iwe imeshatengenezwa. Gasketi mpya juu ya feni iliyokufa utaifungua tena.

Ringi ni mjadala tofauti kabisa, zisibadilishwe kwa "tukishafungua". Injini ikiwa ya moto na inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kiweke tu juu ya tundu. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa na moshi mzito ukafuata, mbano unavuja kwenda chini. Hapo dai namba: mbano upimwe kwa geji kupitia matundu ya plagi za hita, silinda moja moja. Kila injini ina kiwango chake, lakini dizeli ya aina hii ikiwa nzima husoma bar 25 hadi 30 au zaidi. Zote zikikaribiana hapo, ringi zako ziache. Zikiwa zimeshuka kuelekea 20, au moja imeachwa nyuma na wenzake, ndipo tunaongea habari ya kufungua. Hujaniandikia moshi wa buluu wala oili kupungua, kwa hiyo mimi sitegemei hilo.

Kutikisika nitakupitisha haraka. Ungekuwa kwenye usukani ningesema magurudumu ya mbele. Kwenye kiti, pamoja na ile "ko!" ya kutoka rivasi, ni propela shafti. Weka kabari kwenye magurudumu, toa gia, ingia chini, shika shafti kwa mikono miwili uinyonge huku na huku ukitazama misalaba. Ikicheza, au ukiona unga wa kutu kwenye vikombe vyake, imekwisha. Kama shafti yako ni vipande viwili, tikisa na beringi ya katikati. Anayeifungua aweke alama ya chaki kabla hajaitoa, irudi upande uleule.

Kuhusu kuuza: kabla ya kulipia chochote nilichoandika hapa, lala tena chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chesisi kwa urefu wake, hasa pale springi za nyuma zinapofungwa na juu ya difu, panapokaa tope. Chuma kizima kinalia. Ukipata panapotoa sauti ya bubu na kutu inamwagika kwa maganda, usibebee matofali tena mpaka mchomeleaji anayejua chesisi aipime. Hilo ndilo linaloweza kunifanya nikwambie uza. Kuwaka kwa shida na kuchemsha mlimani, kwa jinsi ulivyovieleza, ni kazi ya mipira, klachi ya feni, thamostati na kifuniko.

Niandikie pampu ya mkono ilikuwaje asubuhi, na viputo vilikoma au havikukoma.